Gari la Tatu Lilienda Wapi?

Jumapili moja alasiri nilikuwa Kamakis, pale Ruiru ambapo kando ya Eastern Bypass moshi wa nyama choma haukatiki, nikimsikiliza jamaa mmoja akisimulia magari aliyowahi kuwa nayo. Nje, kwenye maegesho ya kokoto, lilikuwa limesimama gari la mwisho katika hadithi yake: Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, boneti ndefu, taa za mbele zimezama ndani kama macho ya mtu aliyekosa usingizi. Wahudumu walipolifikia walipunguza mwendo. Vijana watatu wasiomjua mwenyewe walikuwa wameshapiga picha nalo. Yeye alikuwa amechagua kiti ambacho kingemwezesha kuliona bila kugeuza shingo.

"Mimi nimekuwa na gari tano," akasema, na sote mezani tukajua kinachokuja.

Ya kwanza ilikuwa Starlet, aliyouziwa na mzee mmoja wa Juja wakati yeye mwenyewe bado analalia godoro chini. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba. Ya pili ilikuwa Corolla. Hiyo ilimzimikia kwenye barabara ya Thika saa tatu usiku, mvua ikinyesha, akaisukuma na makanga wawili hadi Githurai, na hapo akaichukia, akaiuza. Kisha ikaja Subaru Impreza, na hapo sauti yake ikapanda, maana Subaru ndiyo iliyomfanya ajulikane mtaani. Halafu Datsun. Tukacheka, tukagonganisha chupa.

Mimi nilikuwa nimehesabu kwa vidole chini ya meza. Starlet, Corolla, Subaru, Datsun. Nne.

"Na ya tatu ilienda wapi?" nikauliza.

"Ya tatu gani?"

"Si umesema tano?"

Akafikiria kidogo, kisha akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Aah, hiyo ilikuwa tu ya kupita." Akaagiza mbuzi kilo moja zaidi. Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake, alikuwa anaangalia simu.

Makala hii inahusu hiyo ya kupita.

*

Ukikaa na watu wenye magari ya zamani, kuanzia Ruiru hadi Thika, utaona kwamba hawaanzi kwa kukuonyesha gari. Wanaanza na orodha. Kabla hujaambiwa injini ni ya ukubwa gani, utaambiwa mwenyewe ametoka wapi: nilianza na hii, nikaenda kwa hii, nikapata hii, na sasa Mungu amenibariki na hii. Nimezisikia nyingi kiasi kwamba ukiniamsha usiku wa manane naweza kukutajia sehemu zake zote.

Kuna gari la kwanza, ambalo lazima liwe bovu na lazima lipendwe. Kuna usiku wa kuzimikiwa, na mahali pa kuzimikiwa hutajwa kwa jina: Githurai, Kimbo, Witeithie. Kuna gari la heshima, lile la kuendea kwa wakwe. Kuna gari la ujinga, ambalo msimulizi hulitaja huku akijicheka, na mara nyingi huwa lina turbo. Kisha kuna ugunduzi: gari la zamani limekaa shambani kwa mtu, chini ya mparachichi, kuku wametaga ndani, na mwenye shamba hajui alicho nacho. Mwisho kuna kiapo. "Hii siuzi."

Nikisema huu ni utanzu, sitanii. Sote tulisoma Fasihi Simulizi, na wengi wetu tulikariri sifa za majigambo usiku wa kuamkia mtihani. Mtu hujisifu mwenyewe. Hutumia nafsi ya kwanza. Hutaja matendo yake ya kishujaa na vikwazo alivyovishinda. Hutia chuku. Mwalimu alitupa mifano ya mashujaa wa vita na wawindaji, tukaandika, tukapata maksi zetu, tukadhani utanzu umekufa pamoja na mikuki. Haujafa. Umehamia kwenye maegesho ya Kamakis, na simba aliyeuawa sasa ni gia boksi ya Corolla.

Na kama utanzu, una uzuri wake. Wanaume wa rika langu hawakufunzwa kusimulia maisha yao. Ukimuuliza mmoja, "Ulipokuwa na miaka ishirini na tano ulikuwa unaishije?" atakujibu, "Tulikuwa tu." Lakini muulize wakati huo alikuwa akiendesha gari gani. Atakupa kodi ya nyumba, jina la bosi, msichana aliyemuacha, bei ya petroli na wimbo uliokuwa umekwama kwenye redio kwa sababu kaseti ilikataa kutoka. Nimewahi kumsikia mtu mzima akinyamaza katikati ya sentensi kwa sababu amefika kwenye Nissan Sunny aliyompelekea mamake kuona kabla hajafa. Hapo hakuna wa kumcheka. Hakuna mahali pengine angelisema jambo hilo mbele ya watu kumi.

Kwa hiyo siandiki ili kuubeza utanzu huu. Naandika kwa sababu naupenda na naona unadanganya.

*

Orodha hizi hufanana, na kuna sababu. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo magari yanashuka bandarini Mombasa kwa marika, mengi yakitoka Japani, na sisi tunayanunua kwa marika. Aliyeanza kuendesha zamani kidogo ana Starlet au Sunny mwanzoni mwa orodha yake. Aliyemfuata ana Vitz au Demio. Nitajie gari la kwanza la mtu nami nitakisia umri wake, na sitakosea sana. Tunadhani tunasimulia uamuzi wetu, kumbe nusu ya hadithi imeandikwa na kanuni ya uagizaji.

Thika nayo ina kejeli yake. Mji huu una kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa mwaka wa 1974 kwa jina la Leyland, ambacho leo tunakijua kama Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover zimeunganishwa hapo, malori yameunganishwa hapo, na Desemba 2016 Volkswagen Polo Vivo ikaanza kuunganishwa hapo kwa shangwe. Lakini katika orodha zote nilizozisikia kati ya Ruiru na Thika, sijasikia hata moja iliyoanza na gari lililotoka kwenye lango hilo. Watu wa mji unaounganisha magari wanasimulia maisha yao kwa magari yaliyotumiwa kwanza Japani.

Gari la spoti la zamani linavunja mpangilio huo wote. Halikuja kwa rika. Mara nyingi ni gari lililobaki humu humu nchini, likapita mikono mitano au sita, likaoza, likafufuliwa. Na si gari lolote. Ukiuliza kwa nini 240Z, utarudishwa kwenye Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, tena wakiwa wamelingana adhabu na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Injini ya silinda sita, lita 2.4, tope hadi madirishani. Hata Subaru ya vijana ina asili yake hapo: mwaka wa 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari akiwa na Impreza, na kuna watoto waliokuwa barabarani siku hiyo ambao leo wana vipara na bado hawajapona.

Jamaa wa Kamakis hakuwa amezaliwa mwaka wa 1973. Alichonunua ni kile alichomsikia babake akikisimulia. Tazama basi umbo la orodha yake: inapanda kuelekea magari mapya zaidi, yenye nguvu zaidi, kisha ghafla inarudi nyuma nusu karne, na mwenyewe anaita huko kufika. Mimi naona hapo pana jambo zuri. Mtu anapanda ngazi maisha yake yote ili amfikie babake.

Lakini ngazi ina vidato, na kimoja hakikutajwa.

*

Shida yangu na utanzu huu iko katika silabi mbili. Ya kwanza ni *ni*, ya pili ni *ka*.

Sikiliza orodha yoyote. Nikauza, nikanunua. Nikaongeza kitu kidogo, nikapata. Nikachoka nayo, nikaiachilia. Lugha yetu ina kipawa hiki cha *ka*, kiambishi kinachosukuma hadithi mbele bila kuuliza maswali. Ukisema "nikauza", msikilizaji haulizi kwa nini, kwa sababu *ka* imeshamwambia kwamba jambo hili limefuata lile kama usiku unavyofuata mchana. Ndiyo maana ngano hutamba kwa *ka*: akaenda, akafika, akamkuta zimwi, akamla. Hakuna anayesimama kuuliza zimwi lilikuwa na njaa tangu lini.

Lakini mtu hauzi gari kwa sababu usiku umefika. Wewe mwenyewe unajua, kama umewahi kuishi hapa kwa kazi ya mshahara au ya kujisukuma. Gari huuzwa kwa sababu kuna bili ya hospitali. Kwa sababu shule inafunguliwa Jumatatu. Kwa sababu ulichukua mkopo ukaweka logibuku rehani, na wenye mkopo wamechoka kukupigia simu. Kwa sababu umeachwa, au umeoa. *Ka* inameza yote hayo. Kati ya "nikauza" na "nikanunua" kuna miezi minane ya kupanda matatu na kuwaambia majirani gari liko gereji, na hiyo miezi minane haimo.

*Ni* nayo inameza watu. Nilinunua. Wewe na nani? Chama cha nani kilitoa pesa? Sacco ya nani ilikubali kudhaminiwa na nani? Ni nadra mtu wa tabaka letu kununua gari akiwa peke yake. Hununua akiwa na ukoo mzima nyuma yake, na wengine wao hata hawajui kama walichangia. Lakini majigambo ni ya nafsi ya kwanza umoja. Hata mwalimu alituambia. Shujaa akisema "tulimuua simba" sifa zinagawanyika, na sifa zikigawanyika hazimfikishi mtu mbali.

*

Kuna kitabu kimoja ambacho kila mwenye gari la zamani kando ya barabara ya Thika angepaswa kukisoma, na kwa bahati kilianzia jirani. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofungwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti, ambalo si mbali na Ruiru, aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za choo. Ilichapishwa mwaka wa 1980, na mwaka wa 1982 tukaipata kwa Kiswahili ikiwa *Shetani Msalabani*.

Wengi hukumbuka pango na mashindano ya wezi. Wachache hukumbuka masharti ya kushiriki. Mshindani hawezi tu kupanda jukwaani na kueleza alivyowaibia watu. Anatakiwa kwanza ajitambulishe, na katika kujitambulisha huko ataje gari analoliendesha yeye, analoliendesha mkewe na analoliendesha kimada wake. Yaani Ngũgĩ aliona mapema kwamba kwetu orodha ya magari ni kitambulisho, na kwamba mtu akitaka kuthibitisha ameiba vya kutosha, magari ndiyo mashahidi wake.

Hapo mwenye Datsun angenikatiza. Angesema yeye si mwizi, na ni kweli. Angesema orodha yake ni kinyume cha ile ya pangoni, maana wezi wanajisifia kilele ilhali yeye anajisifia bonde: mlango uliofungwa kwa kamba, godoro chini, kusukuma gari mvuani. Huo ni utetezi mzuri na nimeufikiria sana. Lakini kujisifia bonde ukiwa umesimama kileleni bado ni kujisifia kilele. Ile kamba ya mlangoni hutajwa kwa sababu sasa kuna Datsun nje. Mtu ambaye bado mlango wake umefungwa kwa kamba hasimulii. Anatafuta kamba nyingine.

Kilicho muhimu zaidi kwangu katika riwaya hiyo ni gari jingine. Abiria wanafika Ilmorog wakiwa ndani ya matatu ya Mwaura, na matatu hiyo ni Ford ya aina ya Model T. Gari kongwe kuliko yote kitabuni, lile ambalo leo lingeshangiliwa kwenye maonyesho ya magari ya kale pale Ngong Racecourse, linabeba watu wasio na gari. Na ndani yake kuna namna nyingine kabisa ya kusimulia. Wangari anaeleza jinsi alivyokwenda Nairobi kutafuta kazi na yaliyomkuta. Wariinga anaeleza yake. Hakuna anayepanda ngazi. Kila mmoja anaeleza kilichomtoa mahali hadi akajikuta barabarani usiku. Mwaura mwenyewe si malaika, riwaya haituachi tudhani hivyo, lakini gari lake linatupa mfano: kuna usimulizi wa pangoni na kuna usimulizi wa ndani ya matatu. Orodha za Kamakis zina maneno ya matatu na muundo wa pango.

*

Usimulizi wa ndani ya matatu niliusikia wiki mbili baadaye, Thika, kwenye gereji ya jua kali. Nilikuwa nimempeleka rafiki kutafuta kabureta, na wakati wa kusubiri nikaanza kumuuliza fundi kuhusu magari aliyowahi kuwa nayo. Akacheka. Hajawahi kuwa na gari. Ana baiskeli. Lakini akaniambia kama nataka orodha anayo, akaanza kunionyesha kwa spana.

Pale penye doa la oili ilikaa Peugeot 504 miaka miwili. Mwenyewe alifariki, watoto wakakosana, mwisho ikauzwa kwa kilo kama vyuma. Pale ilikaa MGB, ile ya Kiingereza yenye paa la turubai. Iliuzwa kulipa hospitali, na mwenyewe alipokuja kuichukua siku ya mwisho aliomba aachwe ndani peke yake kidogo. Pale, Subaru. Ilichukuliwa na wenye mkopo saa kumi alfajiri, na fundi akapigiwa simu aje haraka atoe betri yake aliyokuwa ameiazima. Vitz ile pale bado iko. Inangoja mwenyewe apate kazi.

Nilimuuliza amejuaje yote hayo. Akasema gari likinunuliwa, mtu hulipeleka kanisani na kwa wazazi. Likitaka kuuzwa, hupita kwake kwanza lioshwe injini, na mtu akisimama pale akiangalia gari lake likioshwa kwa ajili ya mtu mwingine, huongea.

Kama mhakiki, nilijua nimepata kipimo. Orodha ya fundi haina *ni* hata moja. Vitenzi vyake ni vya kutendwa: iliuzwa, ilichukuliwa, iliachwa. Na kila gari lina sababu yake pembeni, kama tiketi iliyofungwa kwenye usukani. Haina ngazi, haina kilele, haina kiapo. Ukiisikiliza hadi mwisho huwezi kumwonea mtu wivu, lakini unawajua watu sita ambao hukuwajua saa moja iliyopita. Kwangu mimi hiyo ndiyo orodha bora kati ya zote nilizosikia mwaka huu, na imetoka kwa mtu asiye na gari. Sidhani hilo ni jambo la kushangaza. Yeye peke yake ndiye aliyeyaona yakiondoka.

*

Mwezi uliofuata wenye magari ya zamani walikubaliana kukutana Thika, Blue Post, hoteli iliyopo tangu mwaka wa 1908 pale penye maporomoko ya Chania. Yalikuja magari kama kumi na mawili. Datsun ya chungwa ilifika saa nne, boneti mbele, sauti yake ikitangulia. Jamaa akashuka, akapokewa, akaanza kueleza kuhusu Starlet.

Mkewe alifika kama dakika arobaini baadaye, kwa miguu kutoka stejini, akiwa na watoto wawili na mfuko wa chakula. Hapo ndipo niligundua jambo ambalo nilikuwa nalijua muda wote bila kulifikiria: 240Z ina viti viwili.

Nilimsaidia kubeba mfuko. Tukakaa kwenye nyasi, watoto wakaenda kuangalia maji. Nikamwambia, kwa utani, kwamba bado natafuta gari la tatu.

"Ya tatu ilikuwa yangu," akasema.

Ilikuwa Demio. Aliinunua kwa pesa za chama alipopata zamu yake, akaongeza mkopo wa sacco. Ya rangi ya buluu. Aliiendesha miaka mitatu, Ruiru hadi kazini na kurudi, na wakati huo mumewe aliitumia wikendi, ndiyo maana huihesabu akisema tano. Kisha Datsun ikaonekana, chini ya mti wake, pamoja na kuku wake. Subaru ikauzwa kununua bodi. Demio ikauzwa kulipia injini, rangi na kabureta mbili.

"Nani aliuza?" nikauliza.

"Yeye aliuza. Mimi nilisaini tu." Akafungua mfuko, akaanza kupanga sahani. "Alisema ni ya muda mfupi. Sijakasirika, usiandike nimekasirika. Hata mimi naipenda hiyo Datsun. Ni vile tu, ukiwasikiza wakiongea hapo, ni kama mimi sikuwahi kuendesha."

Nilirudi kichwani hadi pangoni kwa Ngũgĩ, na nikaona aibu ambayo sikuitarajia. Wezi wale, pamoja na uovu wao wote, masharti yaliwalazimu wataje gari la mke. Walilitaja ili kujisifu, sawa, lakini lilitajwa. Kamakis, mbele ya mwenye gari mwenyewe, liliitwa la kupita. Na mimi, niliyejiona mjanja kwa kuhesabu vidole chini ya meza, nilimuuliza swali mtu asiyestahili kuulizwa. Jibu lilikuwa limeketi hatua mbili kutoka kwangu likiangalia simu.

*

Najua watakaosema haya ni mambo ya ndani ya nyumba, hayahusu uhakiki. Mimi nasema yanahusu, kwa sababu kasoro ya orodha ile si ya tabia ya mtu mmoja. Jamaa si mkatili. Ni mchangamfu, mkarimu, anapenda watoto wake. Utanzu aliorithi hauna nafasi ya kuweka Demio ya mkewe. Ukiiweka baada ya Corolla, ngazi inayumba, maana si yeye aliyepanda kidato hicho. Ukieleza ilivyouzwa, Datsun inaacha kuwa baraka na inakuwa deni. Kwa hiyo ulimi unaruka penyewe, kama gurudumu linavyokwepa shimo ambalo dereva amelizoea.

Sitaki orodha zife. Sitaki zigeuke maungamo ya kulia hadharani, nyama ikipoa. Ninachotaka ni kidogo: kila gari litajwe na namna lilivyoondoka. Hilo moja tu. Likitajwa, *ka* haitatosha, itabidi useme "kwa sababu". Na ukisema "kwa sababu", atajitokeza mtu mwingine ndani ya sentensi: mama mgonjwa, mtoto wa shule, mwenye mkopo, mke mwenye zamu ya chama. Hadithi itakuwa ndefu kidogo na shujaa atakuwa mfupi kidogo, lakini tutakuwa tumesikia jambo la kweli kuhusu namna watu wanavyoishi kati ya Ruiru na Thika, ambako wengi hawapandi ngazi bali wanahamisha kidato kimoja kutoka chini wakakipachike juu.

Jioni ile watu walipoanza kutawanyika, jamaa alinirushia macho. "Wewe si unaenda Ruiru? Panda nikuangushe."

Nilikuwa nimeitamani Datsun ile kwa miezi. Nikamtazama mkewe. Alikuwa anamfunga mtoto mdogo kamba za viatu. "Enda," akasema, "sisi tutapata matatu hapo nje, na hawa wawili hawatoshei huko." Basi nikapanda. Ndiyo, mimi huyu ninayeandika haya. Kiti kiko chini sana, karibu unakaa barabarani, na injini ikishika unaisikia kwenye mgongo kabla ya masikio.

Tulipopita Juja akaanza tena, bila kuulizwa, labda kwa sababu barabara ilikuwa wazi. Starlet ya yule mzee. Mlango na kamba yake. Corolla, mvua, Githurai. Kisha akanyamaza, akabadilisha gia, akaangalia kioo.

"Halafu kulikuwa na Demio," akasema. "Ya mama watoto. Hiyo tuliuza."

Nilifurahi kusikia *tu*. Nilikaa nayo kama kilomita mbili, nikijiambia kwamba utanzu unaweza kubadilika, hata ndani ya mtu mmoja, hata katika mwezi mmoja. Tulikuwa tumeshaifikia Ruiru nilipokumbuka kwamba mkewe hakusema "tuliuza". Alisema "aliuza". Nikamwambia hivyo. Akaendesha hadi stejini bila kunijibu, akasimama, na nilipokuwa nahangaika kutoka kwenye kile kiti cha chini, akaniuliza wanashuka saa ngapi.